Tulivyoteremka kwa Gia

Kama utotoni ulikuwa ukisafirishwa katikati ya kiti cha mbele cha pikapu, dereva kulia, mtu mzima kushoto, na fimbo ya gia imesimama mbele ya magoti yako, basi wewe ni wa rika langu na hatuna haja ya kuelezana mengi. Unajua kwamba magoti nayo yalikuwa na adabu yake. Dereva akienda gia ya kwanza unayaweka upande, akirudi ya pili unayaondoa haraka kwa sababu hiyo ndiyo inayokuja kukutafuta tumboni, na kwenye ya tatu na ya nne unapumzika kidogo. Hakuna aliyetufundisha. Ukigongwa na kile kirungu cheusi mara chache unaelewa mwenyewe.

Watoto wetu hawayajui haya. Magari yao yana kijifimbo kifupi kilichokaa kama pambo la sebuleni. Wanakivuta mara moja wakitoka nyumbani na hawakigusi tena mpaka wafike. Mguu wa kushoto unasafiri bure, kama mgeni. Nikimuuliza mwanangu Emanueli gari lake liko gia ya ngapi, ananitazama kwa huruma na kusema, "Mama, hiyo inajua yenyewe." Maneno hayo yananitia baridi mgongoni. Sipendi kuteremka mlima na kitu kinachojua chenyewe halafu hakiniambii.

Mimi naendesha pikapu ya gia mpaka leo, hapa hapa Babati, mjini, penye lami, na wanangu wanasema ni ushamba. Wacha waseme. Ni woga, tena woga wenye historia, na wenzangu mliokulia kule juu mtanielewa.

Kwetu ni upande wa Dongobesh, ambako mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka jikoni na ng'ombe wanatoa moshi puani. Nakumbuka tulikunywa uji wa ulezi kwenye vikombe vya bati, mikono yote miwili imekumbatia kikombe ili ipate moto. Mama alikuwa akitikisa maziwa kwenye kibuyu huku akitukumbusha makosa yetu ya jana, na kwa jinsi alivyokuwa na kumbukumbu nzuri, siagi ilipatikana mapema. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Ghafla zikaja sabuni za rangi, betri za redio, na masweta ya mitumba yenye picha za watu wanaoteleza kwenye barafu. Nilivaa moja la namna hiyo miaka mingi na sikuwahi kujua wale watu walikuwa wanakimbilia wapi.

Baba yangu, ambaye watu walimwita Mzee Tluway, alikuwa dereva wa lori la ushirika. Ushirika ulipolala, lori nalo likalala, na baba akarudi nyumbani na koti lake la kazi. Haukupita muda akapata pikapu ya zamani ya Mwingereza, ndefu, rangi ya nyasi kavu, iliyokuwa imesimama kwenye yadi ya watu mpaka kuku wakaanza kutagia ndani. Aliitengeneza kwa vipuri vya magari mengine hadi ikawaka. Tangu hapo tuliishi kwa gari hilo na kwa vitunguu swaumu. Baba alikusanya vitunguu vya majirani, akavishusha Dareda, na siku za mnada akaendelea navyo hadi Katesh, chini ya Mlima Hanang.

Tulinuka vitunguu sote. Nguo, blanketi, madaftari, hata Biblia ya mama. Shuleni, mwalimu wa hesabu akiingia darasani alianza na, "Binti Tluway, fungua dirisha," kabla hatujamaliza kusimama kumpa shikamoo. Darasa linacheka, na mimi nafungua dirisha, na baridi yote ya Mbulu inaingia kutuadhibu pamoja.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa magari. Wengine walikuwa na magari ya waya na makopo. Mimi nilikuwa na fimbo tu. Unaisimamisha mbele yako, unakimbia kushuka kilima cha nyuma ya kanisa, na mdomo ndio injini. Mtu asiyejua kubadilisha sauti kwenye kona tulimtoa mchezoni, kwa sababu gari lake lilikuwa limekwishaanguka. Tulikuwa wakali sana kwa hilo. Tulijua gia ya kwanza inavyopanda, tulijua kilio cha ya pili mteremkoni, tulijua hata dereva aliyekosea klachi, na tukimsikia kutoka barabarani tulikuwa tunaguna na kutikisa vichwa kama wazee wa baraza. Siku hizi mtoto anacheza gari kwenye simu. Akianguka anabonyeza, anaanza upya, hana hata mchubuko.

Sasa nifike kwenye mteremko wenyewe. Ukitoka Bashanet nchi inakatika ghafla, na barabara inashuka ukuta wa bonde mpaka Dareda. Siku hizo ilikuwa ya udongo na mawe. Kushoto ni mlima, na kulia hakuna kitu, ni vilele vya miti ambavyo unavitazama kwa juu kama vile wewe ni ndege. Anga ikiwa safi unauona Hanang kwa mbali umevaa wingu, na wageni walikuwa wanausifia. Mimi sikuutazama. Macho yangu yalikuwa kwenye kona moja ya chini, ambako lori lililoanguka kabla sijazaliwa lilikuwa limelala kwenye vichaka, na mti ulikuwa umeota ukatokea dirishani, upande wa dereva.

Niliogopa mteremko ule kuliko fisi, kuliko mwalimu wa hesabu, kuliko chochote. Niliogopa tangu magunia yanapopakiwa. Tumbo lilikuwa linaniuma, na mama alikuwa ananipa kipande cha ugali wa kiporo nikishike njiani. "Kula. Tumbo tupu ndilo linaloogopa," alikuwa akisema. Nilikula, na tumbo lililojaa likaogopa vile vile.

Kabla ya kuanza kushuka, baba alikuwa anasimama pale juu kwenye uwanja mdogo wa nyasi. Abiria, majirani waliosafiri na vitunguu vyao, walishuka kutoka juu ya magunia, wakazunguka gari pamoja naye wakipiga tairi mateke, kila mtu fundi. Kulikuwa na kina mama watu wazima waliochuma nyasi mbichi wakaziweka juu ya boneti, kutakia safari amani, kama walivyofanyiwa wao walipokuwa wakiondoka kwao kwenda kuolewa. Kisha baba alirudi kwenye usukani, akaweka gia ya pili, akatoa kichwa dirishani na kusema neno lake lile lile: "Sasa kimya."

Na kimya kilikuwa kimya. Hakuna kuimba, hakuna kupiga soga, na mwenye kikohozi alijiziba na shuka. Wageni walielezwa na wenyeji kwamba Mzee Tluway anateremka kwa gia, na kwamba anaisikiliza injini yake, hivyo asisumbuliwe. Kwa wale wa otomatiki niwaeleze kidogo. Ukiteremka na gia ndogo, injini yenyewe inalishika gari lisikimbie, na breki unazigusa tu ukitaka. Lakini lazima uisikilize. Ikilia sana, kasi imezidi, gusa breki. Ikitulia, endelea. Madereva wengine walikuwa wanaachia fri, yaani bila gia yoyote, gari lishuke lenyewe ili waokoe mafuta, na jioni walijisifu kilabuni. Baadhi ya magari yao bado yapo kule chini, yameota miti.

Kwa hiyo watu walimpenda baba na walimwamini. Tatizo ni kwamba baba alikuwa hasikii.

Lilikuja polepole. Alianza kuiweka redio juu mpaka majirani wakawa wanapata habari bila kuwa na redio. Mama akimwambia ndama wametoka, anajibu kwamba amekwisha kula. Tulicheka mwanzoni, kisha nikaona mama hacheki. Miaka yote ile ndani ya lori la ushirika, juu ya injini iliyokuwa karibu kukaa mapajani mwake, ilikuwa imemla masikio, na hakukuwa na dawa.

Jioni moja mama aliniita jikoni na kufunga mlango. Nilikuwa bado mdogo, sijamaliza hata kuota meno ya mbele. Aliniambia, "Paskalina, siku ya mnada huendi juu ya magunia wala hukai mlangoni. Utakaa katikati, na mkono wako utauweka kwenye goti la baba yako. Injini ikipanda sauti, bonyeza. Ikizidi, zidi kubonyeza. Ikishuka, legeza. Na usimwambie mtu. Watu wakijua hawatapanda, na vitunguu vitaozea humu humu."

Nikamuuliza kwa nini asikae yeye.

"Nimejaribu," alisema. "Nikiogopa nasikia moyo wangu tu. Na baba yako amekuchagua wewe. Anasema aliwatazama mkicheza nyuma ya kanisa, na wewe ndiye unayejua sauti."

Sijui kama naweza kueleza ilivyokuwa kwa mtoto kuambiwa hivyo. Nilijisikia mkubwa kwa muda wa kutoka jikoni hadi kitandani. Nilipojifunika blanketi nikakumbuka ule mti uliotokea dirishani.

Tulifanya hivyo, na kweli ilifanya kazi. Goti la baba lilikuwa gumu, suruali imechakaa mpaka inateleza. Injini ilipanda, nikabonyeza, na papo hapo naona mguu wake wa kulia unagusa breki. Injini ilishuka, nikalegeza, na mguu unarudi. Hakunitazama. Alitazama barabara, na mimi nilitazama mkono wangu, na masikio yangu yalikuwa yake. Ndipo nikaelewa ile "Sasa kimya" yake. Zamani ilikuwa yake mwenyewe. Sasa alikuwa anaisema kwa ajili yangu.

Na hapo woga wangu ukageuka. Mwanzoni niliogopa kama mtoto, nikifumba macho na kusubiri yaishe. Sasa nisingeweza kufumba chochote. Niliwaza, nikipiga chafya wakati injini inapanda itakuwaje? Nikisikia vibaya? Kulikuwa na kina mama nyuma, jirani zetu, wenye watoto ambao nilikuwa nakaa nao dawati moja. Nilikuwa nawatazama wakipanda, wananishika shavu, wananiambia nimekuwa msichana, na mimi nasema shikamoo mama, shikamoo mama, huku nikijua wanapanda gari la dereva asiyesikia.

Abiria mmoja nilimwogopa kwa namna yake. Aliitwa Mzee Gidamis, mfugaji wa Hirbadaw kule uwandani. Alikuwa anapanda huku kwetu kuwatazama ng'ombe wake aliowakabidhi kwa rafiki, na siku za mnada alirudi nasi hadi Katesh. Mrefu, shuka jeusi, fimbo ndefu, maneno machache. Kila mara alikaa juu ya magunia nyuma kabisa ya kichwa cha gari, penye kidirisha kisicho na kioo, hivyo macho yake yalikuwa kisogoni kwangu safari nzima. Nilimwamkia kupitia kidirisha, akaitikia marahaba na kunigusa utosini kwa vidole. Mchana kutwa nilihisi anautazama mkono wangu.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na maji yalikuwa bado yanatiririka mitaroni, udongo umekuwa kama sabuni. Pale juu baba alizunguka gari zaidi ya kawaida. Mama alikuwa kushoto kwangu mlangoni, ameuma pindo la kanga. Kina mama wa vitunguu walikuwa nyuma pamoja na Mzee Gidamis. Baba akatoa kichwa, akasema, "Sasa kimya," tukaanza.

Kona za juu tulizipita vizuri. Injini ilikuwa inalia kile kilio cha gia ya pili, na mkono wangu ulikuwa umebonyeza kiasi. Kisha tairi likaingia kwenye shimo lililofichwa na maji, gari likaruka, na kilio kikakatika.

Kimya cha watu kilikuwepo tangu juu, lakini sasa injini nayo ilikuwa inanguruma taratibu tu, kama gari lililosimama uani kwetu. Gia ilikuwa imechomoka yenyewe. Gari lilikuwa fri.

Mkono wangu ukalegea. Ndivyo nilivyofundishwa, sauti ikishuka nilegeze. Na kwa baba mkono uliolegea ulikuwa na maana moja tu, kwamba injini imetulia na mambo ni mazuri. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani kwa ajili ya kona. Alikanyaga breki kidogo, kama kawaida yake, na gari halikupungua. Akakanyaga tena kwa nguvu. Breki zilizolowa maji ziliguna, na gari likaendelea kuongeza mwendo. Nilimwona amekunja uso. Hakuelewa kinachotokea, kwa sababu mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa namwambia tuko salama.

Hatukuwa na ishara ya jambo lile. Mama hakuifikiria, baba hakuifikiria, na mimi nilikuwa mtoto. Tulipanga juu na chini, hatukupanga kuchomoka.

Nikampiga gotini kwa ngumi. Nikampiga tena. Akanigeukia. Katika utoto wangu wote sikuwahi kuona kitu cha kutisha kama kile, macho ya baba yakinitazama mimi usoni wakati gari linakimbilia kona na hakuna anayeitazama barabara. Kelele zisingenisaidia. Nikafungua mdomo wazi na kutamka polepole, kwa midomo tu, ili asome: Imetoka.

Akasoma. Mkono wake ukashuka kwenye fimbo, mguu ukakanyaga klachi, na akajaribu kuirudisha gia ya pili. Ikakataa. Nilisikia vyuma vikisagana, sauti ya mtu anayetafuna changarawe, na fimbo ikatetemeka mbele ya magoti yangu. Kasi ilikuwa imezidi. Ilibidi ajaribu ya tatu, na kuiingiza ilibidi kwanza akanyage mafuta ili injini ipande ilingane na mwendo wa gari. Dereva mwenye masikio anasikia ikifika. Yeye hakuweza. Alikanyaga mafuta na kunisogezea goti.

Niliweka mkono. Sauti ikapanda, nikabonyeza. Ikapanda zaidi, nikabonyeza mpaka vidole vikauma. Kona ilikuwa mbele yetu, naiona, na nikaona vilele vya miti, na nikajilazimisha nisione ila nisikie tu. Nilikuwa nyuma ya kanisa na fimbo yangu. Pale tulipokuwa tunabadilisha, pale ambapo asiyebadilisha tunamtoa mchezoni, ndipo nilipombana baba kwa kucha zote. Akasukuma fimbo. Ikaingia.

Injini ilipiga yowe, na gari zima likainama mbele kama limeshikwa mkia. Baba alilivuta kushoto, likakwaruza ukuta wa mlima upande wa mama, udongo ukaingia dirishani mpaka mapajani mwetu. Tukaizunguka kona tukiwa tumeegemea mlima. Tulipofika penye barabara iliyonyooka kidogo, baba akagusa breki, nikabonyeza, nikalegeza, akarudi gia ya pili, na tukaendelea kushuka kama tulivyozoea, polepole, injini ikilia. Baba hakuondoa tena mkono wake kwenye ile fimbo. Aliishikilia kwa nguvu hadi chini, akiendesha kwa mkono mmoja.

Jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni kwamba hakuna mtu aliyepiga kelele. Watu walikuwa juu ya magunia, wanaiona kona inakuja, na hakuna hata mmoja aliyemwita Mungu kwa sauti.

Tulipofika Dareda, kwenye tambarare, baba alisimamisha gari pembeni akazima. Alibaki ameushika usukani. Abiria walianza kuteremka mmoja mmoja, na mimi nikajua yamekwisha. Walikuwa wameniona nikimpiga. Walikuwa wameona midomo yangu. Leo hii habari itapanda mlima kabla yetu, na hakuna atakayepanda gari letu tena, na baba atarudi kuning'iniza koti lake msumarini. Nilianza kulia.

Mzee Gidamis alikuja kwenye dirisha la baba. Alisimama mbele yake kabisa, uso kwa uso, akamsubiri mpaka amtazame. Kisha akaongea polepole, akifungua mdomo kila neno.

"Tluway. Leo gia imetoka."

Baba akatikisa kichwa kukubali.

"Sisi tunajua siku nyingi wewe husikii. Wote hapa tunajua. Tunanyamaza ili mtoto asikie."

Mama alijifunika kanga usoni. Baba alimtazama yule mzee, akawatazama kina mama waliokuwa wamesimama nyuma yake wakikung'uta udongo, na hakuna aliyeshangaa. Ndipo nikakumbuka kwamba siku zote wakiongea naye walizunguka wamkabili usoni, na mimi nilidhani ni heshima.

"Mlijua, na bado mkapanda?" baba aliuliza. Aliuliza kwa sauti kubwa mno, kama wasiosikia wanavyofanya.

Mzee Gidamis akacheka kidogo. "Vijana wapo, masikio mazuri sana. Wanateremka na nyimbo, wanateremka na maneno mengi. Hao mimi sipandi. Wewe unaogopa. Mimi napanda gari ya mtu anaogopa."

Kisha akasema twende, mnada hausubiri, akapanda juu ya magunia. Na wale kina mama nao wakapanda. Mmoja wao alipita dirishani kwetu, akanifuta machozi kwa kiganja chenye udongo, akaniachia uso mchafu zaidi. Tulikwenda hadi Katesh, tukauza vitunguu, mama akaninunulia andazi na soda. Nusu ya ile soda niliimwaga kwenye sweta la watu wa barafu.

Baada ya siku ile tulipanga ishara ya kuchomoka, na ninashukuru hatukuitumia. Nilipokwenda sekondari ya bweni, mdogo wangu alikaa katikati. Mkoa wetu mpya ulipozaliwa na Babati ikawa makao makuu, magari yakawa mengi, mabasi yakaanza kupanda kule juu kila siku, na baba akampa mama ufunguo akasema inatosha. Alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, mzee kabisa. Kwa mtu aliyeteremka pale miaka yote ile, kufia kitandani ni kazi iliyofanywa vizuri.

Krismasi iliyopita tulipanda kumwona mama. Emanueli aliendesha gari lake, lile linalojua lenyewe. Dada zake wawili walikuwa nyuma, vitu vya simu masikioni. Wakati wa kurudi tulifika pale juu, na hakuna aliyesimama. Emanueli hakujua kwamba ni mahali pa kusimama. Barabara siku hizi imetengenezwa vizuri, imepanuliwa, nisiseme uongo. Aliongeza muziki, akaanza kushuka na kijifimbo chake pale pale kilipokuwa tangu nyumbani, mguu juu ya breki, anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, huku ananisimulia habari za kazini kwake.

Nilisikiliza injini. Hakuna kitu. Ilikuwa inapumua tu, haisemi inashika wala inaachia.

"Emanueli, weka gia ndogo," nilimwambia.

"Mama, inajua yenyewe."

Tukapita kona, tukapita nyingine. Binti mmoja akatoa kitu sikioni. "Nani anachoma plastiki?" aliuliza.

Nilimwambia Emanueli asimame, kwa sauti ambayo wanangu hawajaizoea, na akasimama. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye tairi la mbele. Aliutazama, akatoa simu, akaupiga picha. Tulikaa pale mpaka breki zikapoa, nikamwonyesha ile herufi ya gia ndogo kwenye kijifimbo chake, na akakubali kuivuta ili mama yake atulie. Ilishika gari, kiasi chake. Emanueli alikuwa anatabasamu.

"Jamani, mama. Unaogopa nini? Hii ni barabara tu."

Nilitazama nyuma. Binti mmoja alikuwa amerudisha muziki masikioni, na mwingine amelala, shingo imepinda, mdomo wazi, mteremko wa Dareda unampita pembeni bila yeye kuuona. Walikuwa wazuri sana, na hawakuwa na wasiwasi hata chembe. Zamani, kwenye pikapu ya Mzee Tluway, woga ulikuwa wa gari zima. Mama alikuwa na wake, kina mama wa magunia walikuwa na wao, mzee wa Hirbadaw alikuwa na wake, na baba ndiye aliyeogopa kuliko sisi wote. Nilikuwa mtoto mwenye woga mwingi kupita kiasi, lakini hata siku ile gia ilipotoka, sikuwa naogopa peke yangu.

Wanangu nimewapa kila kitu nilichokikosa. Wana barabara pana, gari linalojua lenyewe, na usingizi katikati ya mteremko. Siku watakapoogopa, sijui wataogopa na nani.